Upande wa Kulia wa Nyar Gwassi

"Mahali nimeziba mimi, maji yakitaka kupita yaje na barua ya chifu!"

Maneno hayo aliyasema Motari, fundi wa mashua, miaka kumi na miwili iliyopita. Alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda kwenye ufuo wa Karungu, mbele ya watu zaidi ya mia, padri mmoja, mbuzi aliyekuwa akisubiri kuchinjwa, na chifu mwenyewe. Siku hiyo mashua ya tanga iitwayo Nyar Gwassi ilikuwa inarudishwa majini baada ya kutengenezwa. Watu walicheka, chifu akapiga makofi, na kuanzia hapo Motari akapoteza jina. Aliitwa Barua. Hata wanawe wakitumwa chumvi dukani walikuwa watoto wa Barua.

Sasa mfahamu mtu mwenyewe. Kwanza, ni Mkisii wa milimani, na Mkisii kuwa fundi wa mashua ziwani ni kama samaki kufungua duka la viatu. Alikuja huku kupitia mji wa Suna, ambako alikuwa akitengeneza vitanda na majeneza. Ukimuuliza aliwezaje kuhamia mashua, anakujibu kwamba kazi ni ile ile, yote ni mbao za kulaza mtu. Pili, hajui kuogelea. Maji yakimfika magotini huanza kusalimia watu kwa sauti kubwa, ahakikishe kuna anayemwona. Tatu, ni Msabato wa kweli. Hanywi chai, anakunywa maji ya mchaichai, na Ijumaa jua likizama anaweka patasi chini hata kama msumari umeingia nusu. Niliwahi kuuona msumari wa namna hiyo ukikaa shingo nje kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi, na hakuna aliyethubutu kuugonga.

Jambo la nne watu hawakulijua. Mimi nililijua kwa sababu kibanda changu cha kuchaji simu kiko hatua ishirini kutoka anapofanyia kazi, na mtu aliyeacha diploma ya umeme katikati ana muda mwingi wa kutazama wenzake. Motari ni mwoga. Haogopi watu, anaogopa kazi yake mwenyewe. Akimaliza kuziba mahali anaondoka, anarudi, anapapasa, anaondoka tena, anarudi tena, kama mama anayepima joto la mtoto kwa kiganja. Majigambo yote yale yalikuwa ya kuziba woga. Na kwa kuziba, kama alivyosema, hakuna aliyemfikia.

Mwaka huu mwezi wa tatu, siku ya Jumatatu, Bathsheba alimwita.

Bathsheba ndiye mwenye Nyar Gwassi. Sisi humwita Mama Tony. Jina la mashua maana yake ni binti wa Gwassi, na binti huyo ni yeye mwenyewe. Mumewe aliyemwoa kutoka milima ile ya Gwassi ndiye aliyeiita hivyo kabla hata rangi haijakauka. Mume alifariki miaka mitatu iliyopita. Mashua ikavutwa nchi kavu, ikalazwa mchangani chini ya karatasi ya nailoni, na Mama Tony akawa anaipita kila asubuhi bila kuitazama, kama mtu anayepita mlango wa chumba asichotaka kukifungua.

Sasa alikuwa amepata mkataba. Nyumba moja ya wageni kule kisiwa cha Takawiri ilitaka mashua ya kuzungusha wageni kwa tanga, bila kelele za injini. Barua ya mkataba niliiandika mimi kwa Kiingereza, kwa hivyo najua kilichokuwemo: mashua ifike Takawiri, ionekane, ikubaliwe. Mama Tony alipanga kuondoka Jumapili asubuhi. Ndani angekuwa yeye, nahodha wake Obare, na wanawake wanane wa chama chao walioshona tanga jipya kwa mikono yao na kuapa kwamba lazima walione likijaa upepo.

"Fundi," alimwambia Motari, "mimi nataka uniangalilie masikio tu. Kwingine Obare amekagua."

Kwa asiyejua mashua, nieleze. Mlingoti hausimami kwa nguvu za maombi. Kuna kamba nene zinazoshuka kutoka juu yake, za kulia na za kushoto, na kila upande zinafungwa kwenye chuma kilichopigiliwa ubavuni. Chuma hicho Motari hukiita sikio. Nyuma ya sikio, kwa ndani, kuna kigogo cha mti mgumu kinachoshika bolti zake. Upepo unavuta tanga, tanga linavuta mlingoti, mlingoti unavuta kamba, kamba inavuta sikio, sikio linavuta kigogo. Kigogo kikikubali kung'oka, mlingoti unalala, na ukilala hauchagui wa kumlalia.

Miaka kumi na miwili nyuma Motari alikuwa ameviziba vigogo vyote viwili kwa bati. Ni desturi yetu hapa ziwani: unakata debe la mafuta ya kupikia, unalinyoosha, unapaka lami, unatandika pamba, unapigilia. Nusu ya mashua za Karungu ukizisoma vizuri zimeandikwa mafuta safi ya mboga. Tofauti ya Motari ni kwamba yeye alizungusha bati lote, chini, pembeni, kila mahali, misumari imekaribiana kama meno.

Jumanne saa nne alianza na upande wa kushoto. Alipofika kwenye bati lake akafurahi kama mtu aliyekutana na picha yake ya ujana. Halikuwa na kutu. Hata msumari mmoja haukuwa umelegea.

"Njooni muone kazi!" aliita. "Obare! Njoo uone kazi, sio porojo!"

Obare akaja, mimi nikaacha simu za watu nikaja. Obare ni mrefu, mkavu, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe.

"Jakisii," akasema, maana ndivyo Waluo humwita Mkisii, akilipapasa bati, "hapa kwa kweli hata mimi nimenyamaza."

"Andika tarehe," nikamwambia.

Motari akaingiza patasi pembeni, akalibandua bati taratibu, halafu akachukua bisibisi ili atuonyeshe mti ulivyo mgumu. Bisibisi ikaingia mpaka mpini. Haikutoa hata sauti. Iliingia kama kijiko kwenye uji uliopoa. Alipoichomoa, maji meusi yakafuata, na harufu ya uyoga.

Nilikuwa nimemkabili, nikauona uso wake. Kwanza hakuelewa. Kisha macho yake yakapanda polepole, kutoka kwenye tundu hadi kwenye bolti, kutoka bolti hadi ukingoni mwa mashua juu, na nikamwona akielewa. Mvua ilikuwa ikiingia kwa juu, ikifuata bolti, tone moja moja. Kigogo kisichozibwa hulowa kikakauka, kikalowa kikakauka, kikaishi kumzidi mwenye mashua. Hiki hakikuwa na njia ya kukauka. Maji yaliingia kwa miaka kumi na miwili na hakuna hata tone lililoweza kutoka, kwa sababu mahali pa kutokea palikuwa pamezibwa na fundi hodari kuliko wote wa Karungu.

Akalifunika tundu kwa kiganja.

"Nini hiyo, Barua?" Obare akauliza.

"Mchwa."

"Mchwa?"

"Mashua imelala chini miaka mitatu. Ulitaka mchwa wale nini, mchanga?"

"Yawa," Obare akasema, "tangu lini mchwa akachota maji?"

"Huo ni umande."

Tungemcheka mpaka Alhamisi kama Mama Tony hangekuwa amefika nyuma yetu. Alikuwa amesikia neno moja tu. Aliangalia kile kigogo, halafu ile alama ndefu mchangani ambako mashua ilikuwa imelala.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nilimwacha chini."

Motari alikuwa na nafasi ya kusema hapo hapo. Mdomo ulifunguka, nikauona. Kisha akasema, "Hali kama hiyo hutokea, Mama Tony. Ukiacha kitu chini," na sentensi hakuimaliza.

Alifanya kazi siku tatu kama mtu anayekimbizwa. Jumatano alfajiri alikwenda Suna akarudi na kipande cha mvule begani. Hakutaka hata kukiweka juu ya gari, alikikumbatia njia nzima. Jumatano hiyo akakichonga, Alhamisi akakiingiza na bolti mpya, na kilikaa pale kama kilichozaliwa na mashua. Lakini hakuwa akijigamba. Obare alimchokoza mara tatu hakujibu. Mchaichai wake ukapoa kwenye kikombe. Kila baada ya muda nilimwona akitupa jicho upande wa kulia, haraka haraka, kama mdaiwa anayemchungulia anayemdai.

Hesabu yake, aliyokuja kunieleza baadaye, ilikuwa rahisi. Upande wa kulia ulikuwa na bati lile lile, la siku ile ile, kutoka debe lile lile. Akilifungua na kukuta uozo ule ule, nani angeamini kwamba mchwa wa Karungu wana ramani, waende kushoto chini ya bati la Motari na kulia chini ya bati la Motari, waruke mashua yote iliyobaki? Watu wangeelewa kwa dakika moja. Na kuna mashua kumi na moja nyingine ufuoni hapa zenye bati lake.

Ijumaa saa kumi na moja jioni, jua likiwa limebakiza kidogo, Obare akamwuliza.

"Na huku kulia?"

Motari akachukua nyundo. Mti mzima ukiugonga unajibu ko. Aligonga juu ya bati mara moja. Mimi nilisikia nikiwa kibandani, na nakuambia haukusema ko. Ulisema pu, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo akajikaza.

"Huku kuko sawa," Motari akasema. "Mchwa walianzia upande ule."

Obare akamtazama. Kisha akalitazama jua, kwa sababu sote tunajua sheria za Motari. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Jua likazama. Motari akaweka nyundo kwenye sanduku, akafunga, akaenda nyumbani. Hakurudi kupapasa. Ndipo mimi nikaingiwa na baridi, maana miaka yote hiyo sijawahi kumwona akiacha kazi bila kurudi mara tatu.

Najua ungeniuliza kwa nini sikusema. Ningesema nini? Kwamba nimesikia pu? Mimi ni mtu wa chaja. Nililala na hiyo pu masikioni, nikajiambia asubuhi itakuwa imeondoka. Haikuondoka.

Jumamosi Motari alikaa kanisani kwenye kiti cha mbele, kiti chake cha kila wiki, na anasema hakusikia hata neno. Alikuwa akihesabu wanawake. Wanane wa chama, Mama Tony wa tisa. Kila kwaya ilipoinuka alihesabu mabega. Waliporudi nyumbani mkewe, Nyamoita, akamwekea chakula akaona hakigusi.

"Baba Duke, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi umeua mtu."

Akamwambia yote. Nyamoita si mwanamke wa kupiga kelele. Alimsikiliza huku akichambua mboga, alipomaliza akauliza swali moja tu.

"Wewe kesho ungepanda hiyo mashua?"

"Mimi sijui kuogelea, wajua."

"Na wao wanajua?"

Akahesabu kwa vidole. "Wanne hivi."

"Wanne kati ya tisa," Nyamoita akasema, akarudi kwa mboga zake.

Motari akasukuma sahani pembeni. "Leo ni Sabato. Siwezi kushika chombo."

"Mdomo ni chombo?"

Saa tisa na nusu akafika ufuoni, bado amevaa suti ya kanisa na viatu vyeusi vinavyozama mchangani. Nyar Gwassi ilikuwa imevutwa mpaka karibu na maji, mlingoti umesimama, kamba zimefungwa. Wanawake wa chama walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo wao wa kuingilia Takawiri. Obare alikuwa juu, akikaza kamba ya upande wa kulia, na kila alipovuta, Motari alijikunja kidogo.

Mama Tony alikuwa mbele ya mashua peke yake, amepiga magoti, na kibuyu cha uji wa mtama mkononi. Alimwaga kidogo kwenye ubao wa mbele, akaupangusa kwa kiganja. Alikuwa akizungumza na mashua kwa Dholuo, bila haya, mbele ya watu wote, jinsi mtu anavyozungumza na mgonjwa aliyechelewa kumtembelea. Nami nilielewa vizuri sana. Alikuwa akisema: nisamehe, nilikuacha chini ukaliwa, huyo aliyekupa jina langu angenigombeza.

Motari naye, baada ya miaka mingi huku, Dholuo anaielewa.

"Mama Tony," akasema. Akasogea hatua moja. "Mama Tony. Si mchwa."

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Unasema?"

"Hakukuwa na mchwa. Mashua haikuliwa kwa sababu ya kulala chini. Imeozeshwa na bati langu. Niliziba mpaka maji yakakosa njia ya kutoka. Na huku kulia ni hivyo hivyo. Jana niligonga nikasikia, nikasema kuko sawa. Hakuko sawa. Obare, tafadhali, acha kuvuta hiyo kamba."

Obare akaiachilia kama imemuunguza.

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyotisha zaidi. Ufuo wa Karungu watu hucheka hata mazishini, wakati wake ukifika, lakini siku hiyo nilisikia maji yakilamba mchanga.

"Fungua," Mama Tony akasema.

"Ni Sabato."

"Fundi, mimi nimekwambia fungua."

"Sitashika. Lakini nitasema, na Obare atashika." Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, kidole ndani ya kidole, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. "Obare, chukua patasi. Anzia pembe ya chini. Sio hivyo, ilaze. Ilaze zaidi. Usivunje, inua."

Nimeona kazi nyingi zikifanywa, sijaona nyingine kama hiyo. Motari alifungua bati lake kwa maneno matupu, msumari mmoja baada ya mwingine, jasho likimtiririka ndani ya suti, na mikono yake nyuma ikikunja na kukunjua vidole kila patasi ilipokosea. Bati likabanduka. Maji yakamwagika miguuni mwa Obare, yangejaza kikombe. Obare akaingiza kidole gumba ndani ya kigogo, kidole kikazama chote, akakitoa na kukiangalia.

"Hii tungeifikisha Gwassi," akasema taratibu. "Hapo kona, njia ya Takawiri. Upepo wa pale ukikupiga ubavuni..." Halafu Obare, kwa mara ya pili wiki hiyo, akanyamaza.

Mama Tony akainuka. Alikuwa bado ameshika kibuyu.

"Nimeomba mashua msamaha mbele ya watu," akasema. "Siku nne silali. Namwona Baba Tony ananiuliza, uliniwekea wapi mashua. Sasa mimi nani ananiomba msamaha?"

"Mimi," Motari akasema. "Nisamehe, Mama Tony."

"Sijamaliza. Ulisimama juu ya kreti."

Motari hakuelewa. Mwanamke mmoja wa chama alielewa haraka, akaenda kibandani kwangu, akarudi na kreti. Motari akaipanda, na viatu vyake vya kanisa, akasema tena yote tangu mwanzo, kwa sauti, wavuvi wakasogea, wauza dagaa wa omena wakasogea. Akazitaja na zile mashua kumi na moja, moja moja kwa majina, akawaomba wenyewe wazifungue. Wengine walikuwa hapo. Mmoja alitukana vizuri sana, matusi yake sitayarudia hapa. Mwingine aliondoka mbio kwenda kuiangalia yake.

"Vizuri," Mama Tony akasema. "Kesho utatengeneza. Na siku tutakayoondoka, utapanda. Utakaa upande wa kulia."

"Mama Tony, mimi sijui kuo..."

"Utakaa upande wa kulia."

Jioni hiyo nilipiga simu Takawiri. Mwenye nyumba ya wageni hakufurahi. Akaniambia kuna mtu mwingine ana boti ya injini, inang'aa, iko tayari, na kama sisi hatujaonekana kufikia Alhamisi saa sita mchana tusijisumbue. Nilimwambia Mama Tony. Akatikisa kichwa tu, akaenda kulala, au kujaribu.

Motari alianza Jumapili kukicha. Kipande cha mvule kilikuwa kimebaki cha kutosha, asante Mungu, kwa sababu ya ule woga wake uliomfanya anunue kingi. Lakini safari hii alifanya mambo ambayo sijawahi kuyaona. Kigogo alikiacha wazi, hakuna bati, mafuta tu. Chini yake akatoboa kitundu kinachopitisha penseli, cha kutoa maji nje ya kigogo. Obare akamwuliza, "Unatoboa mashua, Jakisii?" Akajibu, "Natoboa," wala hakusema zaidi. Kushoto pia akakifungua kile kigogo kipya akakitoboa. Jumatatu na Jumanne alikaza, akalegeza, akakaza. Wakati wa mapumziko alikwenda kwa mashua za wengine, akabandua mabati yake mwenyewe. Saba kati ya kumi na moja zilikuwa zimeoza.

Tukaondoka Jumatano usiku haujaisha. Nilipelekwa kwa ajili ya Kiingereza. Motari alivaa jaketi la kuokolea, la pili akalikalia. Aliketi upande wa kulia, mgongo kwenye ubavu wa mashua, mkono wa kushoto juu ya kigogo, na hakuutoa hapo.

Mpaka saa nne upepo ulikuwa wa adabu. Wanawake waliimba, tanga lao lilijaa likatoa tumbo kama bibi harusi wa miezi minane, nikawaambia hivyo, nikapigwa kofi la mgongo. Kisha tukaifikia kona ya Gwassi. Milima pale inainama karibu na maji, na upepo hushuka bila hodi. Nilimwona Obare akikaza taya. Ukatupiga ubavuni. Mashua ikainama kushoto, na kamba za kulia, zile zetu, zikakaza mpaka zikaanza kulia sauti nyembamba kama ya mbu. Kitu kikapasuka, kra! Mwanamke mmoja akataja majina ya watakatifu watatu kwa mpigo. Mimi nilikuwa tayari nimemkumbatia mtu nisiyemjua vizuri.

"Nini hiyo? Barua, nini hiyo?" Obare akapiga kelele, hawezi kuacha usukani.

Motari alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa umekibana kigogo.

"Motari!" Mama Tony akaita. Ni mara ya kwanza nilimsikia akilitumia jina lake.

"Ni mti mpya," akasema. "Unakaa. Unajipanga mahali pake."

"Una hakika?"

"Sina," akasema. "Sina hakika, Mama Tony. Nimeushika."

Jibu hilo halikumtuliza mtu. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima, kamba zikilia, maji yakiruka juu ya ukingo na kutulowesha sote. Halafu nikamwona Motari akifungua macho na kuinama kutazama chini ya kigogo. Kwenye kile kitundu cha penseli, tone lilikuwa limening'inia. Likaanguka. Likaja jingine. Maji yaliyoingia juu kwa bolti yalikuwa yanashuka na kutoka.

"Yanatoka," akasema. Hakuna aliyemsikia ila mimi na Mama Tony. "Yanatoka, muone."

Mama Tony akatazama. Akanyoosha kidole, akapokea tone moja, akalipangusa kwenye nguo yake.

"Na barua ya chifu iko wapi?" akauliza.

Motari akajaribu kucheka, akatapika kando ya mashua.

Tulifika Takawiri Jumatano saa kumi alasiri. Mwenye nyumba ya wageni akatembea kuizunguka Nyar Gwassi mara mbili, akachungulia ndani akaona vile vitundu, akaniuliza kwa Kiingereza kama mashua imeliwa na wadudu. Nikamwambia hapana, hiyo ni kazi ya fundi. Akasema atatujibu kesho. Mama Tony akaketi mchangani kungoja hiyo kesho, macho kwenye mlingoti. Motari alikuwa ameshuka kwa magoti, suruali imelowa, na hakutaka kukaa karibu na mtu. Hakuna aliyemwambia amesamehewa. Akaanza kutembea ufuoni.

Hatua chache mbele kulikuwa na kijana akitengeneza mashua yake. Alikuwa amekata bati la debe, amepaka lami vizuri, anapigilia kuzunguka pande zote, misumari imekaribiana kama meno. Motari akasimama.

"Umeacha njia ya maji kutoka?"

"Kutoka?" Kijana hakuinua hata kichwa. "Mzee, kazi ni yasiingie. Hapa nimeziba mimi, hapa hapapiti kitu."

Motari akaangalia ile kazi kwa muda mrefu. Ilikuwa nzuri. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza hadithi ndefu, akaketi kwenye mchanga pembeni ya kijana.

"Hilo debe umelitoa wapi?"

"Dukani hapo juu."

Kabla ya kuianza hadithi yake akauliza na bei: debe tupu Takawiri ni shilingi mia moja na ishirini.